Je, Mtoto Amenyaye Viazi Astahili Kuchorwa?

Twataka kuwaza pamoja nanyi neno hili: je, mambo madogo ya kila siku yastahili kutazamwa kwa heshima, au heshima ni ya wakuu tu na matendo makuu?

Katika nchi ya Uswisi alikuwako mchoraji, jina lake Albert Anker, mwenyeji wa kijiji cha Ins, aliyezaliwa mwaka 1831 akafa mwaka 1910. Kwanza alisoma elimu ya dini huko Bern na Halle, ili awe mchungaji. Kisha akamwomba baba yake, aliyekuwa mganga wa mifugo, ampe ruhusa ya kujifunza uchoraji. Akakubaliwa, akaenda Paris. Wengi wangesema, Ameacha kazi kubwa kwa ajili ya ndogo.

Naye alichora nini? Watu wa kijijini kwake, na hasa watoto: msichana amenyaye viazi (1886), msichana asukaye nywele zake (1887), shule ya kijiji iliyojaa watoto (1896). Hakuwapamba hata wakafanana na malaika, wala hakuwadhilisha ili tuwahurumie. Yule msichana wa viazi macho yake yako kwenye kazi, wala hajali kama twamtazama.

Hapo ndipo lilipo jibu letu. Amsifuye mtoto kupita kiasi amfanya kitu cha kuchezea. Amhurumiaye tu amfanya mnyonge siku zote. Wote wawili wajitazama wenyewe. Bali amtazamaye kama alivyo, akiri ya kuwa huyu ni mtu. Wala jambo hili si jepesi: mwaka 1869 Anker alifiwa na mwanawe mdogo, Ruedi, akamchora vile alivyolala kitandani pa mauti. Hakugeuza uso.

Labda mtu atasema, Kutazama hakumshibishi mwenye njaa. Ni kweli. Lakini nani atamlisha mtu ambaye hajamwona? Twawatuma watoto maji na kuni tangu asubuhi, na jioni twauliza tu kama kazi imekwisha. Ninyi mfundishao, mwaijua hesabu ya watoto waliomo darasani. Je, mwamjua ni yupi aliyekuja bila kula? Kwa hilo hapatakiwi rangi wala burashi. Latakiwa jicho lisilo na haraka.