Kipofu Anaombwa Ngozi Yake

Hapa Ituri, toka Bunia hata Mahagi, wengi wanamjua usubi, yule mdudu mdogo mweusi aumaye kando ya mito yenye maji ya kasi. Akiuma hutia mwilini mbegu ya minyoo. Minyoo mikubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi miaka 10 na zaidi, na watoto wao wasioonekana kwa macho matupu hutembea ngozini hata kufika jichoni. Watu hudhani kinachoharibika ni kioo cha mbele tu. Sivyo. Hata retina huharibika, yaani ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Nayo ikiisha kufa kwa ugonjwa huu, dawa zake haziifufui.

Mganga Mbelgiji, Jean Hissette, ndiye aliyeandika habari za upofu huo mwaka 1932, baada ya kuwapima watu wa Sankuru, katika Kongo hii hii. Mwaka 1934 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani wakaja, wakafuatana naye, wakajionea wenyewe. Neno la mganga mmoja halikutosha. Ndiyo sababu vyuo vikuu hushirikiana, wala siwalaumu.

Lakini wale vipofu wa Sankuru walipata nini? Kampuni ya Merck iliahidi kutoa bure dawa ya ivermectin mwaka 1987, miaka 53 baada ya safari ile. Yule aliyekuwa mzee siku ile alikuwa amekwisha kuzikwa. Basi, je, ni haki kumwomba mtu mwili wake kwa ajili ya elimu ambayo yeye mwenyewe haitamfaa?

Jambo hili si la zamani tu. Toka mwaka 2009 dawa mpya, moxidectin, ilijaribiwa kwa watu 1,472 wa Ghana, Liberia na Kongo, na mahali pamoja palikuwa huku kwetu, upande wa Rethy. Watu wawili katika kila watatu walipewa dawa mpya, mmoja ile ya zamani, na wala wao wala waganga hawakujua nani amepewa ipi. Walikatwa vipande vya ngozi vidogo kuliko punje ya mchele, ili minyoo ihesabiwe. Ilionekana kwamba dawa mpya huizuia muda mrefu zaidi, na mwaka 2018 Marekani ikaikubali.

Wengine husema, "Wamefanywa panya." Mimi sikubali upesi hivyo. Panya haulizwi. Mzee akiambiwa waziwazi, "Macho yako hayatapona, lakini huenda mjukuu wako akaokoka," naye akajibu ndiyo, huyo ametoa zawadi, hakutumiwa. Walakini ile ndiyo sharti iwe yake kweli. Nilipata kuona, mahali nisipopataja, karatasi ya Kifaransa ikiwekwa mbele ya mama mzee ajuaye Kilendu tu. Akatia kidole katika wino. Kidole kilikuwa chake. Kukubali sijui kulikuwa kwa nani. Na mtu anayeogopa kwamba akikataa hatatibiwa tena, huyo naye hakuulizwa, hata kama midomo yake imesema ndiyo.

Labda utaniuliza: kama ni zawadi, deni latoka wapi? Tazama shambani. Majirani wakija kukusaidia kulima huwalipi fedha, lakini ungeona haya kuwaacha warudi kwao bila kula. Hawakudai, nawe unadaiwa. Vivyo hivyo chuo kikuu kilichopata elimu kwa ngozi za watu wa kijiji hakiwezi kuandika kitabu kwa Kiingereza na kufunga mlango.

Tena toka mwisho wa mwaka 2017 vita vya Djugu vimewafukuza watu wengi katika nchi ya Rethy na kandokando yake, na wengine wamekimbilia hapa Bunia. Najua kazi ya kuwatafuta ni ngumu. Lakini kipofu hatakuja chuoni kuuliza habari. Hapana budi wao wamfuate, hata akiwa kambini chini ya turubai, wakae chini karibu naye, wamwambie kwa lugha yake ngozi yake ilionyesha nini, na mjukuu wake atapewa dawa gani, lini, na nani.