Taabu ya Kujitakia

Gari la fowili limeundwa ili kupunguza taabu ya njia. Linapopelekwa kwa makusudi palipo na taabu, barabara nzuri ikaachwa kando, huzuka swali ambalo dini na falsafa zimelijadili tangu zamani: taabu ya kujitakia ina thamani gani?

Mfano ulio wazi kabisa Afrika Mashariki ni Rhino Charge, shindano linalofanyika Kenya tangu 1989. Shindano lenyewe huisha kwa siku moja, kwa muda wa saa 10. Mahali pake huwa siri hadi siku inapokaribia. Huweza kuwa Samburu, Baringo au Kajiado. Magari hutakiwa kufika vituo 13 vilivyotawanywa kati ya makorongo, majabali na vichaka vya miiba, kwa mpangilio wowote. Mshindi si mwenye mbio, bali aliyevifikia vyote kwa kilomita chache kuliko wenzake. Hivyo kuzunguka kilima ni hasara, kukikata katikati ndiyo faida. Wakimbiaji hutangulia kwa miguu kutafuta upenyo. Dereva hufuata kwa gia nzito, akionyeshwa jiwe la kukanyaga na la kukwepa. Gari likikwama, winchi hufanya kazi. Kama shabaha ingekuwa kufika tu, pasingekuwa na upuuzi mkubwa kuliko huu.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha 1978 kiitwacho The Grasshopper, aliona kwamba ndivyo michezo yote ilivyo: ni juhudi za hiari za kuvuka vikwazo visivyo vya lazima. Mcheza gofu angeweza kuubeba mpira mkononi na kuutumbukiza shimoni. Habebi, kwa kuwa bila fimbo hakuna gofu. Suits hakuuona huu kuwa upungufu wa akili. Alidai kwamba katika ulimwengu ambamo kila haja imekwisha kutimizwa, kucheza ndiko kungebaki kuwa shughuli ya kumpa mtu sababu ya kuishi.

Wanazuoni wa Kiislamu waliliendea jambo hili kwa upande mwingine. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume alimwona mtu amesimama juani, akaambiwa ni Abu Israil, aliyeweka nadhiri asikae, asiingie kivulini, asiseme, na afunge. Mtume akaagiza aseme, akae, aingie kivulini, na saumu yake aitimize. Ash-Shatibi wa Granada, aliyefariki 1388, aliweka kanuni inayolingana na kisa hicho: mashaka yanayoandamana na tendo jema yana ujira, ila haifai mja kuyakusudia mashaka yenyewe. Anayehiji kwa njia ndefu kwa kuwa hana nyingine si sawa na anayeikimbia njia fupi ili achoke zaidi.

Watetezi wa shindano watajibu kwamba wao wana tendo jema. Washiriki huchangisha fedha kwa ajili ya Rhino Ark, shirika lililoanzishwa 1988 kuwanusuru vifaru weusi wa milima ya Aberdare. Fedha hizo zilisaidia kujenga uzio wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika 2009, kuuzunguka msitu ambao ni chanzo cha sehemu kubwa ya maji ya Nairobi. Faida hiyo ni kubwa, na haikanushiki. Hata hivyo, utetezi huo hauihusu taabu. Shilingi iliyotolewa na mtu aliyeketi kitini ingenunua waya uleule, bila nyasi kukanyagwa wala kichaka kuvunjwa. Kwamba watu hufungua mifuko wakiona mwenzao anahangaika ni habari ya tabia ya watoaji.

Lipo pia suala la wenyeji. Korongo linalomfurahisha dereva ndilo linalomzuia mjamzito kufika zahanati mvua zikinyesha. Jiwe ni lilelile, na gari likipinduka mfupa huvunjika vilevile; taabu ya dereva si ya maigizo. Tofauti ni kwamba yeye ana mlango wa kutokea, jioni anarudi kwake. Anachojifunza hapo ni ustadi, kuaminiana na wenzake, na ujasiri, ambao Aristotle aliuweka kati ya woga na kutojali hatari. Subira ya Ayubu ni jambo jingine, kwa kuwa Ayubu hakujitakia yaliyompata.

Subira ya aina hiyo huonekana zaidi katika safari za kawaida za vilabu vya magari ya fowili, ambako hakuna ushindani na magari huenda kwa msafara. Ekseli ya gari moja ikikatika mchana, wote husimama. Wanaongoja juani walijiandikisha kwa ajili ya mawe na matope. Kuharibikiwa kwa mwenzao hawakukuchagua, na kuondoka wakamwacha hawawezi.