Msiseme Ni Mawazo Tu

Wanangu, mtu akianguka kwa kiharusi mtaani kwetu, sababu huwa imeshatajwa kabla hata hajafikishwa hospitali: alikuwa na mawazo. Mkopo wa kikundi, kesi ya kiwanja, mtoto asiyesikia la mkubwa. Watu wanatikisa vichwa, wanasema pole, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nimevaa gauni la uuguzi mpaka nikastaafu, na sijawahi kulipenda jibu hilo. Si kwamba ni uongo. Ni kwamba likishatamkwa, hakuna tena anayeuliza mgonjwa alipimwa presha lini.

Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo uliozibwa na donge, au uliopasuka damu ikavuja. Sehemu iliyokosa damu inaanza kufa ndani ya dakika chache. Utafiti mkubwa uitwao INTERSTROKE, uliofanyika katika nchi 32 na kuchapishwa 2016, ulikuta kwamba mambo kumi tu ndiyo yanayobeba karibu asilimia 90 ya hatari yote ya kiharusi duniani. Msongo wa mawazo umo katika hayo kumi. Lakini linalotangulia, tena kwa mbali, ni presha ya juu. Na msidhani haya ni ya Wazungu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, walikuta wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 kule Hai, na kama 316 kule Dar. Mara tatu! Mjini, ambako vijana wote mnakimbilia.

Sasa mawazo yanaingilia wapi? Ukiwa na hofu au hasira, mwili humwaga homoni zinazoharakisha moyo na kubana mishipa, na presha inapanda. Hofu ikipita, inashuka. Isipopita kwa miezi, mambo ni mengine. Hata hivyo, kwa wagonjwa niliowauguza mimi, njia iliyowamaliza wengi ilikuwa ya kuzunguka. Mwenye mawazo halali. Asipolala anaongeza sigara, anaongeza glasi, asubuhi anapitiwa na kidonge cha presha, au anakiacha kabisa kwa kuwa kichwa hakimuumi. Presha ya juu kwa kawaida haiumi popote. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi akicheza bao chini ya mwembe.

Wewe wa lori, hapa nasema na wewe. Unatoka Dar usiku, unapanga foleni mizani, unapanda Kitonga kukikucha, na ukifika Makambako unajisifu mbele ya utingo wako kwamba hujafumba jicho. Makopo mawili ya vinywaji vya kuongeza nguvu, na wenzako wengine mirungi. Mirungi inapandisha presha na kuukimbiza moyo, tena hiyo ni mbali na kwamba ni kosa kisheria. Lakini ukiacha polisi, hebu fikiria mwili wako. Mwenye afya akilala, presha yake hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 kulinganisha na ya mchana. Mishipa haina mapumziko mengine zaidi ya hayo. Alfajiri inaanza kupanda tena, na saa za asubuhi ndizo zenye viharusi vingi kuliko saa nyingine zote. Anayekesha anaunyima mwili ule mteremko wa usiku, kisha anaupandisha mlima wa asubuhi akiwa na kahawa nyeusi tumboni.

Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliongeza usingizi katika orodha yake ya mambo ya kulinda moyo na mishipa, sambamba na chakula, mazoezi, uvutaji sigara na presha. Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 9. Kuna anayelala saa kumi na bado anaamka amechoka. Huyo asijipongeze, akapimwe, maana kulala kupita kiasi mara nyingi ni dalili ya ugonjwa mwingine. Na yupo anayekoroma hadi ukuta unatetemeka, kisha ananyamaza ghafla, pumzi imekatika, halafu anashtuka kama mtu anayetoka majini. Mkewe ndiye shahidi, yeye mwenyewe hajui. Kila pumzi inapokatika hewa inapungua kwenye damu na presha inaruka, mara nyingi mno kwa usiku mmoja. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala saa nane na asipumzike hata kidogo. Akipunguza uzito, akaacha pombe ya jioni na kulala ubavu, wengine hupata nafuu. Asiyepata amwone daktari, kwa sababu vipo vifaa vya kumsaidia kupumua usingizini.

Sisi tuliosoma enzi za Ujamaa tulifundishwa habari za Lenin mpaka zikatutoka masikioni, lakini hakuna mwalimu aliyetusimulia alivyokufa. Aliteswa na kukosa usingizi na maumivu ya kichwa, na msongo wa mawazo hakuna wa kushindana naye: vita, njaa, risasi ya mwaka 1918. Mei 1922 kiharusi cha kwanza. Desemba kingine. Machi 1923 kikamnyang'anya maneno, yeye aliyekuwa msemaji wa kutetemesha viwanja. Tarehe 21 Januari 1924 akashikwa na kifafa kikali, akafa, ana miaka 53. Ungesema ni mawazo. Ila walipomfungua kichwa walikuta mishipa ya ubongo imekakamaa na kuzibwa vibaya sana. Na baba yake alikuwa amekufa kwa damu kuvuja kwenye ubongo akiwa na umri huohuo wa miaka hamsini na kitu. Basi nanyi mnaosema kiharusi cha baba yenu kilitokana na kesi ya shamba, jiulizeni ninyi wenyewe mna mishipa ya nani.

Na hapa nimfikie baba yenu, kaka yangu, kwa kuwa najua kilichowatisha. Mwaka mzima baada ya kiharusi mlishaanza kupumua. Amerudi kula kwa mkono wake, anatembea na fimbo mpaka msikitini. Ndipo siku ile mezani macho yakageuka, mkono wa kulia ukaanza kuruka, kisha mwili wote, povu mdomoni. Dakika mbili hivi. Alipotulia, mkono ule ukawa umelegea kabisa, mkalia kwamba kiharusi kimerudi. Jirani akasema ni jini lililoleta kiharusi limerudi kumalizia kazi. Kesho yake mchana mkono ukarudi, jirani akasema dua imesikika.

Dua haikatazwi. Ila sikilizeni. Kiharusi kikishapona huacha kovu ndani ya ubongo, na kovu linaweza kuvuruga umeme ambao chembe za ubongo hutumia kuwasiliana. Umeme ukilipuka kwa pamoja, mtu anaanguka kifafa. Wengine huanguka ndani ya wiki ya kwanza, ubongo ukiwa bado mbichi kwa jeraha. Hao si lazima warudiwe. Anayeanguka miezi au miaka baadaye, kama baba yenu, huyo ana kifafa cha kweli na anahitaji dawa za kila siku. Kwa wazee wanaoanza kifafa ukubwani, kiharusi ndiyo sababu kubwa kuliko nyingine. Na ule mkono kulegea baada ya kuanguka ni jambo linalojulikana: sehemu ya ubongo imechoka kwa mlipuko, inarudi yenyewe baada ya saa kadhaa, mara nyingine siku moja au mbili. Lakini nyumbani huwezi kutofautisha na kiharusi kipya. Mimi mwenyewe, na miaka yangu yote ya wodini, siwezi. Mkimbize hospitali mkabishane huko.

Lipo na la kinyume chake, ambalo hata wauguzi wengi hawalisemi. Mtu wa miaka 60 na zaidi akianguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani, bila kuwahi kuugua kiharusi, hilo linaweza kuwa onyo kwamba mishipa yake tayari ni mibovu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2004 ulikuta watu wa namna hiyo wanapata kiharusi baadaye karibu mara 3 ya wenzao. Kwa hiyo mjomba wenu wa Korogwe, aliyeanguka hivyo, asipelekwe kwa mganga tu. Apimwe presha, sukari na mafuta ya damu.

Kuhusu hofu kwamba povu la kifafa linaambukiza: mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge. Aliwakuta wagonjwa wakila peke yao, wengine wana makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni hakuna aliyethubutu kuwagusa. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Mtu akianguka, tazameni saa. Mlazeni ubavu, ondoeni meza na chupa, legezeni kola. Msimkandamize, wala msitie kijiko mdomoni. Nimeona meno yaliyovunjwa na vijiko vya watu wenye upendo. Ikipita dakika 5 bila kuacha, au akianguka tena kabla hajazinduka, gari.

Na kwa kiharusi chenyewe, mdomo ukipinda, mkono ukikataa kuinuka, au maneno yakivurugika, gari papo hapo, hata kama yamepita baada ya dakika kumi. Shikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha donge ina dirisha la saa 4 na nusu, na hutolewa baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Ndiyo maana msimpe aspirini ya kubahatisha, wala kidonge cha presha cha jirani, wala maji. Koo lake huenda halimezi.

Baba yenu sasa hana ruhusa ya kukesha. Kukosa usingizi, kuruka dawa na pombe ndivyo viamsha kifafa vikubwa, na pombe hanywi. Akienda msibani, saa tatu usiku mrudisheni alale, watu wakinuna wanune. Dawa ya kifafa haikatwi ghafla hata akipita mwaka bila kuanguka. Anayepunguza ni daktari, taratibu. Mwezi uliopita nilikuta kikopo kitupu na ndugu wawili wanasukumiana nani aende kliniki. Wa lori hayupo, sawa. Basi dada yenu ashike kadi, ninyi wawili mchange nauli, na tarehe ya kliniki iandikwe ukutani jikoni, siyo kwenye simu ya mtu mmoja.

Nanyi mkija kwangu kupimwa presha, njooni bila kuvuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Mtakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, ndipo nipime. Mara mbili, siyo mara moja. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, tutarudia siku nyingine, na ikibaki hapo tunakwenda pamoja zahanati.