Neno la Mlipa Karo

Fikiri, msomaji kijana, habari ya mama auzaye samaki Mamboleo, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Kwa faida ya omena na ngege amemlipia bintiye karo ya miaka miwili katika chuo cha kazi cha mtu binafsi. Binti amehitimu, lakini mwajiri amekikataa cheti chake kwa kuwa chuo hakina leseni. Fedha zimepotea, na miaka ya ujana hairudi. Kisha tangazo linatoka: wananchi waje watoe maoni juu ya kanuni za vyuo hivyo. Je, mama huyu aende?

Yamkini jirani atamcheka akisema, “Asiyesoma ana neno gani juu ya elimu?” Dhihaka hiyo haina haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 10, imeweka ushirikishaji wa wananchi katika maadili ya taifa, wala haikubagua mwenye shahada na asiye nayo. Tena Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013 inakataza chuo kufundisha bila kusajiliwa na kupewa leseni. Basi sheria ilikuwapo, na mama amedanganywa. Mtungaji wa sheria ajua alichoandika. Mlipa karo ajua mahali ambapo maandishi hayakufika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini haki haina sikio moja. Mwenye chuo kidogo, mwaminifu, naye ana neno. Kanuni zikiwa nzito kupita kiasi, mlango wake utafungwa, na vijana waliokosa nafasi katika vyuo vya serikali watabaki nje. Hasira ya mama peke yake haitoshi kutunga kanuni. Hofu ya mwenye chuo peke yake haitoshi kadhalika. Hapana budi zote mbili zipimwe katika mizani moja.

Kwa hiyo wajibu ni wa pande mbili. Aliyedhulumiwa asifunge kinywa kwa aibu, maana kimya chake kitalipwa na mama mwingine. Na aitaye watu asikilize kwa kweli, kwani kuitwa na kutosikilizwa ni kudanganywa mara ya pili. Mama na aende. Nawe, siku utakapoketi upande wa wasikilizaji, mkumbuke.