Ihsani Yenye Faida

Wanazuoni wa Basra waliojiita Ikhwan as-Safa, walioishi katika karne ya 10, waliandika katika nyaraka zao kisa kirefu cha kesi baina ya wanyama na wanadamu. Mahali pa kesi ni kisiwani. Watu waliotupwa na dhoruba walifika katika kisiwa kinachotawaliwa na mfalme wa majini, wakawakuta hayawani wakiishi kwa amani, na mara wakaanza kuwakamata, kuwatia hatamu na kuwatwisha mizigo. Hayawani wakaenda kushtaki. Punda alilalamikia fimbo, ng'ombe nira, kondoo wanawe wanaotengwa na mama zao. Hata nguruwe hakuachwa nje ya mlango wa baraza lile, na yaliyosemwa juu yake ni ya ajabu: kwamba wanadamu wenyewe hawajapatana juu yake. Wako wanaomlaani, wako wanaomla kwa hamu katika sikukuu zao, na wako matabibu wanaoyatafuta mafuta yake kwa dawa. Wanadamu walitoa hoja ya umbo lao zuri, ya akili yao na ya ufundi wao, na kila hoja ikajibiwa. Kilichowapa ushindi mwishoni ni kwamba wao wana kufufuliwa, wana malipo na adhabu. Yaani walimshinda mnyama kwa kuwa wao, tofauti na yeye, wataulizwa.

Basi na waulizwe. Anayemfuga nguruwe ana wajibu gani kwake, mbali na wajibu alionao kwa mfuko wake mwenyewe? Swali hili laweza kuonekana geni katika kurasa zinazosomwa pwani, ambako mnyama huyo kwa walio wengi haliwi wala hafugwi, na jina lake ni tusi. Lakini ugeni huo una manufaa. Anayekula ana sababu ya kufumba macho, na anayeuza ana sababu zaidi. Asiyekula wala kuuza aweza kuwa hakimu asiye na maslahi. Aweza pia, na hapa ndipo penye hatari, kuwa hakimu asiyejali, akidhani kwamba unajisi wa mnyama humwondolea maumivu. Kila aliyepita chuoni akakisikia kisa cha mbwa mwenye kiu, na cha mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake, ajua kwamba dhana hiyo haina msingi. Mbwa yule hakuwa mali ya yule mtu, wala hakumlipa kitu.

Yafaa kwanza kusema linalotendeka. Katika mabanda makubwa yaliyoenea Ulaya na Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, nguruwe jike mwenye mimba alitiwa katika kizimba cha chuma chenye upana wa sentimita 60 hivi na urefu wa mita 2. Mimba yake huchukua siku 114 hivi. Katika siku hizo aliweza kusimama na kulala, kugeuka hakuweza. Katika majimbo mengi ya Marekani ndivyo ilivyo hadi leo. Mwaka 1964 Mwingereza Ruth Harrison alichapisha kitabu cha kuwafichulia wasomaji ufugaji wa namna hii, serikali yake ikaunda kamati, na mwaka 1965 kamati hiyo, chini ya Profesa Brambell, ikasema kwamba mnyama wa kufugwa apewe angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha mwili na kunyoosha viungo. Mambo matano, na hakuna hata moja ambalo mtu angelihesabu kuwa ni anasa.

Kisha kuna mkia. Nguruwe ni mnyama wa kuchimbua. Pua yake ndiyo mkono wake. Akiwekwa juu ya sakafu ya zege yenye mianya, pasipo udongo wala majani, pua ile hukosa kazi, nayo huitafuta, na kilicho karibu ni mkia wa mwenziwe. Huuguguna mpaka damu ikatoka, wengine huifuata damu, na kidonda huingia usaha. Tiba iliyobuniwa ni kuukata mkia mtoto angali na siku chache tu duniani. Maradhi yalikuwa ya banda, na tiba akafanyiwa mnyama. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza ukataji huo usifanywe kuwa desturi, lakini katika nchi nyingi za Umoja huo mikia imeendelea kukatwa kwa desturi ile ile. Uswidi na Ufini zimeukataza, na wafugaji wa huko hulazimika kutandaza majani makavu, kutoa nafasi zaidi, na kuuangalia mkia kama nahodha aangaliavyo tanga: ukijikunja, mambo ni salama, ukilegea na kuingia kati ya miguu, kuna jambo.

Wataalamu wa mifugo hupenda kusema kwamba afya ya mnyama, ustawi wake na faida ya mwenyewe ni ndugu watatu wasioachana. Kauli hii ina ukweli mkubwa, na mfano wake bora ni ule wa dawa. Tangu katikati ya karne iliyopita wafugaji walijua kwamba viuavijasumu vikichanganywa kidogo kidogo katika chakula humnenepesha mnyama upesi, tena humwezesha kuvumilia msongamano ambao pasipo dawa ungemuua. Mwaka 1986 Uswidi ikawa nchi ya kwanza kukataza dawa hizo kutumiwa kwa kunenepesha. Mwanzo ulikuwa mchungu: watoto walioachishwa ziwa waliharisha, wengine wakafa. Wafugaji wakajifunza kuwaachisha wakiwa wakubwa zaidi, kubadili chakula, na kuosha banda zima kabla ya kuingiza kundi jipya. Denmark ilimaliza kuziacha kufikia mwaka 2000, na ufugaji wake haukuporomoka. Umoja wa Ulaya wote ulifuata tarehe 1 Januari 2006. Sababu si ya nguruwe peke yake: mwaka 2015 wanasayansi wa China walitangaza kwamba wamegundua, katika nguruwe na katika watu, chembe ya urithi inayowapa bakteria uwezo wa kuishinda kolistini, dawa ambayo matabibu huiweka akiba hadi nyingine zote zishindwe. Mwaka 2017 China nayo ikakataza kolistini isitiwe katika chakula cha kunenepeshea mifugo.

Lakini ndugu watatu nao hugombana, na katika ugomvi wao ndimo maadili yanamopimwa.

Wakati mwingine anayegombana na ustawi ni afya. Kwa anayedhani kwamba kumfungulia mnyama mlango ndiyo ihsani yote, vijiji vya magharibi mwa Kenya, vya Uganda na vya nyanda za juu kusini mwa Tanzania vina jibu. Huko wapo nguruwe wanaozurura, wakichimbua na kugaagaa topeni kama maumbile yao yatakavyo. Hao hao hula kinyesi cha watu pasipokuwa na vyoo, wakaingiwa na vilengelenge vya tegu. Anayekula nyama yao isiyoiva hupata mnyoo, na mayai ya mnyoo huo yakimfikia mtu, hata asiyekula nyama hiyo kabisa, huzaa vilengelenge katika ubongo wake na kumtia kifafa. Tena kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yalitoka Kenya mwaka 1921. Virusi vyake huishi katika ngiri na kupe wake bila kumdhuru ngiri. Vikimwingia nguruwe wa kufugwa huweza kumaliza zizi. Viliingia Georgia mwaka 2007, na China mwaka 2018. Tiba haipo. Ua ulio imara na kiatu kilichooshwa mlangoni ni rehema pia, ingawa mnyama mwenyewe huona kifungo tu.

Mfugaji mdogo anayeamka akakuta nguruwe wawili wamekufa huharakisha kuwauza waliobaki, kwa kuwa hana bima wala hana wa kumfidia. Na kwa kuwauza huupeleka ugonjwa kijiji cha pili. Ni rahisi kumlaumu. Aliyemkataza asiuze alimpa nini cha kulipia ada ya shule?

Wakati mwingine anayegombana ni faida, na hapo hoja ya ndugu watatu hunyamaza. Kizimba cha kuzalia humbana mama asiwalalie watoto wake, na kweli huwaokoa baadhi yao. Mtu asiidharau hoja hiyo. Ila yafaa aulize kwa nini watoto ni wengi na dhaifu kiasi hicho. Wafugaji wa kisasa wamechagua mbegu ya kuzaa sana, hata Denmark nguruwe jike mmoja huzaa kwa wastani zaidi ya watoto 15 kwa mara moja, na pengine chuchu zake hazifiki idadi hiyo. Uswidi, Norway na Uswisi zimekataza kizimba hicho kuwa makao ya kawaida ya mzazi. Nafasi kubwa zaidi ni gharama, na gharama hiyo hairudi yote.

Uingereza ilikataza vizimba vya mimba mwaka 1999. Katika miaka iliyofuata, kwa sababu hiyo pamoja na nyingine, idadi ya nguruwe jike wa kuzalisha nchini humo ilipungua karibu kwa nusu, na nyama ikaagizwa kutoka nchi ambako vizimba viliendelea. Waingereza waliisafisha mikono yao, wakaendelea kula kutoka katika sahani ile ile. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata mwaka 2013, tena kwa kuruhusu majuma manne ya kwanza. Wapiga kura wa California walikuwa wajanja zaidi: sheria waliyoipitisha mwaka 2018 inakataza kuuza jimboni nyama iliyotoka katika ufugaji wa namna hiyo, popote alipofugwa mnyama. Wafugaji wa majimbo mengine walikwenda mahakamani, na mwezi Mei 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha sheria isimame.

Ziko pia faida na afya zilizopatana pasipo kumwalika wa tatu. Katika mji wa Ezhou, China, kumejengwa jumba la nguruwe lenye ghorofa 26, lililoanza kazi mwaka 2022. Hewa huchujwa, wafanyakazi huoga kabla ya kuingia, chakula hutiririka katika mabomba. Kwa homa ile iliyoingia mwaka 2018, ni ngome. Nguruwe wa ghorofa ya juu anaweza kuwa mzima wa afya kuliko yule wa kijijini, wala asiguse udongo maisha yake yote.

Huenda mtu akasema kwamba nia haimhusu mnyama: majani makavu ni majani, yawe yametandazwa kwa huruma au kwa hesabu. Ni kweli, na wakati mwingi mfugaji mwenye kuhesabu vizuri atamtunza kuliko mwenye huruma asiyejua kazi. Ila nia hudhihirika siku bei ya majani inapopanda au bei ya nyama inaposhuka. Anayetunza kwa sababu inamlipa ataacha siku hiyo, na hatakuwa amevunja ahadi, kwani hakuahidi. Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa moyo wa mfugaji. Akiwa mwema peke yake, jirani asiye mwema atauza kwa bei ya chini na kumfilisi. Sheria inayoweka kikomo kwa wote, na inayofuata nyama mpaka dukani, humruhusu mwema awe mwema na bado ale. Gharama iliyobaki ni ya mlaji, na yeye ndiye anayesahauliwa katika hotuba zote za ustawi.

Hapa hakimu wa pwani asijione yuko nje. Elimu ya kizimba haikukaa kwa nguruwe. Katika Afrika Mashariki vizimba vya waya vya kuku wa mayai vimekuwa vikiongezeka, na humo nafasi ya kuku mmoja mara nyingi ni ndogo kuliko karatasi ya kuandikia barua. Hatandazi mbawa, haparui, hatagi kiotani. Nyama yake ni halali na mayai yake yako katika chapati za kila asubuhi. Trei hufika dukani bila maneno juu yake, muuzaji hajui alikolelewa kuku, na mnunuzi huuliza bei.