Mkatekumeni na Majivu ya Kwaresima

Kila mwaka, siku ya Jumatano ya Majivu, Wakristu wa Goma na wa vijiji vilivyo chini ya mlima Nyiragongo hutoka kanisani wenye alama nyeusi usoni. Kwa watu wa nchi ile majivu si kitu kigeni. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka, mto wa moto ukashuka ukapita katikati ya mji, ukala nyumba na maduka, hata kanisa kuu likaharibika; na tarehe 22 Mei 2021 ukapasuka tena. Mtu aliyeona mtaa wake umegeuka kuwa mawe meusi hahitaji maelezo marefu padri anapomkumbusha kwamba yeye ni mavumbi. Lakini majivu ya Kanisa hayatoki mlimani. Yanatoka katika yale matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia: matawi yale yale ambayo watu waliyapunga kwa shangwe ndiyo yanayochomwa, yakapakwa vichwani mwao wenyewe.

Wakatekumeni nao hupakwa majivu, ijapokuwa hawajabatizwa, maana toba haimkatai mtu. Ndipo mashaka yanapoanza. Injili isomwayo siku ile ni ya Mtakatifu Matayo, sura ya sita: Bwana wetu Yezu Kristu anawaagiza wanafunzi wake wasifunge kwa kukunja uso kama wanafiki, bali waoshe uso na kujipaka mafuta kichwani, ili Baba peke yake ajue. Nao hao walioisikia Injili hiyo wanatoka mlangoni uso umechafuka, na kila mpita njia anaona! Mwenye akili huuliza: Je, alama hii ifutwe au iachwe? Na akisoma nyuma kidogo, katika sura ya tano, mashaka yake huongezeka, kwani huko Bwana yuleyule, akihubiri mlimani palepale, anasema taa haiwekwi chini ya pishi, bali mwanga wa wanafunzi wake uonekane mbele ya watu. Afadhali nini basi, kujificha au kuonekana?

Swali hili si la watoto, wala mwalimu asimkaripie anayeliuliza. Maneno ya Bwana hayapigani. Tazama tu mwisho wa kila neno. Mwanga unaonekana ili watu wamtukuze Baba aliye mbinguni. Baragumu la mnafiki linapigwa ili watu wamtukuze mwenye baragumu. Kazi yaweza kuwa moja, sadaka yaweza kuwa moja, hata fedha zilizotolewa zaweza kuwa sawasawa. Linalotengana ni sifa inakwenda kwa nani. Tena kuna alama nyingine rahisi ya kupambanua. Jambo ambalo lina faida kwa jirani haliwezi kufichwa, hata mwenyewe akitaka: mgonjwa aliyeletewa maji anajua kwamba ameletewa maji. Bali njaa aliyoivumilia mletaji, usingizi aliopoteza, maneno aliyoyameza asijibu matusi, hayo ndiyo ya kumwachia Mungu aliye sirini. Tendo lionekane, gharama ifichwe.

Basi alama ya majivu si dhambi kuiacha usoni, wala si dhambi kuiosha mtu arudipo shambani. Hatari ni kwa yule ambaye usoni ana majivu siku moja, na watu waliokaa naye mwaka mzima hawajaona kitu kingine.

Tangu zamani Kanisa limependa kuwauliza majirani. Katika kitabu cha kale kiitwacho Mapokeo ya Mitume, ambacho huhesabiwa kuwa cha karne ya 3, imeandikwa jinsi wakatekumeni walivyochunguzwa kabla ya Ubatizo. Walioulizwa hawakuwa wakatekumeni pekee; waliulizwa pia wale waliowaleta. Nayo maswali hayakuwa ya kukariri. Waliulizwa kama mtu huyu aliwaheshimu wajane, kama aliwatembelea wagonjwa, kama alitenda mema. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868, naye aliagiza kwamba katika misioni zao za Afrika mafundisho yachukue miaka minne. Miaka minne ni mirefu kwa mtu anayetaka kubatizwa upesi. Lakini miaka minne pia ni muda ambao kijiji kizima kinaweza kuona.

Na hata sasa, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, wale waliochaguliwa kwa Ubatizo wa Pasaka wanapoitwa kwa majina, baba na mama zao wa ubatizo huulizwa mbele ya watu wote kama kweli hao wamelisikiliza neno la Mungu na kuanza kulifuata. Kisha Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano hupimwa na kuombewa, huku ikisomwa habari ya mwanamke Msamaria kisimani, ya kipofu aliyefunguliwa macho, na ya Lazaro aliyetoka kaburini. Anayejibu kwa ajili ya mkatekumeni anajibu aliyoyaona. Kama hakuona neno, atasema nini?

Yuko kijana mmoja wa Goma ambaye wakatekumeni wa nchi ile wanapaswa kumjua, naye ni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981, akasoma sheria, akaingia Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa Roma mwaka 1968, ambayo watu wake hushika mambo matatu: sala, maskini na amani. Pale mjini wako watoto wasio na kwao, wanaolala njiani na kuokota chakula, ambao watu huwaita maibobo. Wengi huwafukuza kama mbwa. Floribert alikaa nao, akawafahamu kwa majina, akawasaidia waende shule, akawafundisha katika Shule ya Amani ya jumuiya yake. Jambo hili litajwe kwanza, kabla ya kifo chake, kwa sababu wengi husimulia kifo na kusahau maibobo. Mtu hawezi kuamka asubuhi moja akawa shahidi. Macho yake yalikuwa yamezoea kwanza kuwatazama wale wasiotazamwa.

Akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, ile iitwayo OCC. Mwaka 2007 alikuwa mpakani Goma, na kazi yake ilikuwa kuchungua vyakula vilivyoharibika visiingie sokoni. Ukaja mchele uliooza kutoka ng'ambo ya mpaka. Wenye mali wakamtaka aupitishe, wakampa fedha, akakataa. Wakaongeza fedha, akakataa. Akatishwa, hakugeuka. Inasimuliwa kwamba alimwendea mtawa mmoja mganga, akamwuliza chakula cha namna ile chaweza kuwadhuru watu namna gani, na kwamba alimweleza mashaka yake wazi: fedha zitakwisha upesi, lakini watakaokula mchele ule watapatwa na nini? Tena alijiuliza kama kweli anaishi katika Kristu au sivyo. Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Julai 2007, akakamatwa na watu, akachukuliwa, akateswa, akauawa. Maiti yake ikaonekana tarehe 9. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Wako waliosema: Huyu alikufa kwa mchele, si kwa dini, hakuna aliyemwambia amkane Mungu. Neno hilo lajibiwa kwa habari ya Yohane Mbatizaji. Herode hakumwambia Yohane amkane Mungu. Alimkasirikia kwa sababu ya mwanamke na ndoa isiyo halali, na kichwa cha Yohane kikakatwa kwa jambo la nyumbani kwa mfalme. Hata hivyo Kanisa halijawahi kuona shaka kumwita shahidi. Anayemshika Mungu hushika pia amri zake, na amri za Mungu hukutana na mtu sokoni, mpakani na kitandani kabla hazijamkuta kanisani. Ndivyo Kanisa lilivyoamua kwa Floribert. Baba Mtakatifu Fransisko, alipozuru Kinshasa, alimtaja tarehe 2 Februari 2023 mbele ya vijana na makatekista waliojaa uwanja wa Mashahidi. Mwezi wa Novemba 2024 akakubali kwamba kweli alikuwa shahidi wa imani. Na tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, akatangazwa Mwenyeheri, mama yake mzazi akiwapo. Sikukuu yake ni tarehe 8 Julai. Watu wa Goma walikuwa wameingiliwa na vita mjini mwao mwezi wa Januari mwaka uleule, nao walikuwa wamefunga Kwaresima, kuanzia tarehe 5 Machi, katika taabu kubwa. Wengine hawakuhitaji kuamriwa kufunga, maana chungu kilikuwa kitupu.

Tena lifikiriwe jambo moja. Alipokataa zile fedha, nani alimwona? Hapakuwa na kwaya wala benchi la kanisa. Walikuwapo yeye na mwenye kutoa fedha. Lakini mchele ule haukufika katika sahani za watu ambao hawakujua hata jina lake. Mafungo yake yalikuwa hayo: alijinyima yeye ili wengine wasile sumu. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwaambia Waisraeli maneno ya namna hii walipolalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuona. Aliwaonyesha kwamba siku ile ile ya kufunga walikuwa wakiwadhulumu wafanyakazi wao.

Pengine mkatekumeni wa kijijini atasema moyoni: Mimi si mtu wa ofisi, wala hakuna anayeniletea dola. Ni kweli. Lakini yupo mama auzaye maharagwe kwa kopo, na kopo limebonyezwa chini ili lishike kidogo. Yupo mwenye kuuza makala, ambaye huweka makubwa juu ya gunia na vumbi katikati. Yupo kijana mwenye chukudu aliyetumwa kupeleka mzigo wa viazi, akapunguza njiani. Yupo baba aliyemwahidi mtoto wa marehemu ndugu yake karo ya shule, kisha kila muhula ana udhuru. Yupo hata mwenye kupeleka kuku kwa mwalimu jioni ili jina lake liandikwe kwa Ubatizo kabla ya wakati. Na mwalimu mwenye kumpokea kuku yule ana mchele wake uliooza. Hayo yote yanajulikana. Kijiji ni kidogo, na wapagani wanahesabu makopo vizuri kuliko mapadri.

Kuhusu kufunga kwenyewe maneno machache yatosha. Kanisa huwaagiza waamini kufunga siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tangu miaka 18 hadi 59, na kuacha nyama Ijumaa tangu miaka 14. Sheria hiyo haiwafungi wasiobatizwa, lakini mkatekumeni hufanya vema kujizoeza pamoja na ndugu zake, isipokuwa mgonjwa, mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Ila asiwe kama yule anayeacha nyama ya mbuzi siku ya Ijumaa, akanunua samaki mkubwa wa ziwa kwa bei ya mbuzi wawili, akala na kushiba, na jirani yake hana hata sambaza wa kutia katika sombe. Asiwe pia kama wale wanaoacha pombe siku arobaini wakihesabu siku, na Jumatatu ya Pasaka wanalipa deni lote. Wala asikae barazani akihesabu nani katika shirika lake amekula nini; huyo amefunga mdomo kwa nyama tu, watu anawala.

Sadaka ya Kwaresima hukusanywa katika mashirika, nayo ni desturi njema. Lakini haimfungui mtu deni la jirani wa karibu. Wakimbizi walipofika katika vijiji, mara nyingi waliofungua mlango walikuwa wenye chumba kimoja. Walipanga mikeka karibu zaidi, wakaongeza maji chunguni. Wenye nyumba kubwa wengine walitoa franka kanisani, wakafunga lango.

Wengine huingiwa na hofu wasikiapo habari za Floribert, wakasema: Je, Mungu atataka damu ya kila mmoja? Hapana. Kanisa halimruhusu mtu atafute kifo, na Floribert mwenyewe hakukitafuta. Alitaka kuishi, alitaka kuoa, alitaka watoto wa njiani wasome. Wengi hawataombwa zaidi ya kopo lisilobonyezwa. Lakini asidanganywe anayejiandaa: hata hilo lina gharama. Mama akirudisha kopo lake katika hali yake, atapata faida ndogo kuliko wenziwe walio kushoto na kuume kwake sokoni, nao watamcheka, pengine watamchukia kwa kuwa wanunuzi wameanza kuuliza. Nyumbani mume atauliza fedha za juma zimekwenda wapi. Hapo ndipo sala inapohitajiwa, naye mama wa ubatizo asiwe mbali. Alipe kwanza mboga ya siku mbili kwa mwenzake aliyepungukiwa, kisha ndipo amwambie maneno ya Mungu.

Usiku wa Jumamosi Kuu moto utawashwa nje gizani, na mshumaa wa Pasaka utaingizwa kanisani. Padri atawauliza wateule kama wanamkataa Shetani, na kazi zake zote, na fahari zake zote. Jibu halisemwi moyoni. Lazima lisemwe kwa sauti, mara tatu, kila mtu asikie. Na wale watakaokuwa wamekaa katika mabenchi, wenye mishumaa mikononi, wakisikiliza mama yule akijibu, ndio waliopimiwa maharagwe juma lile.