Cheo, Dhamana na Uhai wa Mtuhumiwa

Katika historia ya taifa letu zimo kurasa ambazo hatupendi kuzisoma kwa sauti. Mojawapo ni ile ya Shinyanga na Mwanza ya mwaka 1976. Twaifungua hapa kwa sababu inalo swali ambalo kila kizazi hakina budi kulijibu.

Usukumani, mahali ambapo miti ni haba, akina mama wengi wamepikia samadi iliyokauka. Moshi wake, mwaka baada ya mwaka, huyafanya macho ya bibi kizee kuwa mekundu. Wekundu huo, uliotokana na kuwapikia wengine, uligeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi, na vikongwe wakauawa kwa mapanga. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuukomesha unyama huo.

Msako ukaanza. Watuhumiwa walikamatwa kwa wingi. Na wakiwa mikononi mwa vyombo vya usalama, waliteswa ili wakiri. Baadhi yao walifia mahabusi. Waliotumwa kulinda uhai wakautoa.

Je, nia njema huutakasa ukatili? Sisi tunasema hapana. Aliyemwua kikongwe kwa sababu ya macho yake, na aliyemtesa mtuhumiwa hata akafa, walikosa jambo lile lile: kila mmoja alitosheka na shaka, akahukumu bila ushahidi.

Mwezi wa Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa mateso hayo hakuyatenda. Huenda mwanafunzi akauliza: yawezekanaje mtu kubeba mzigo wa kosa la mwingine? Zamani hizo wana-TANU walikuwa wakiahidi kwamba cheo ni dhamana. Hatia humwandama mtenda. Dhamana humwandama aliyekabidhiwa. Mchunga aliyepewa kundi huulizwa habari za ndama aliyeliwa na fisi, wala hawezi kujitetea kwamba si yeye aliyemla. Mwaka 1985 Ndugu Mwinyi alichaguliwa kuwa Rais. Kujiuzulu hakukumvunjia heshima.

Hata hivyo mauaji ya vikongwe hayakukoma. Yaliendelea kwa miongo kadhaa, Shinyanga na Geita pia, kwani mateso ya mahabusi hayakumfundisha mtu yeyote kwamba macho mekundu hutokana na moshi. Kazi hiyo ya kufundisha ilibaki, na hata leo imo mikononi mwetu walimu na wanafunzi.